Wimbo wa Mapasa Mbele ya Bariera

Mwanamke akizaa mapasa, yaani pacha, katika mji wetu wa Kamina, mtaa mzima unatukanwa. Desturi hii niliijua kabla sijajua kusoma. Mwezi mchanga unapochungulia juu ya mabati, wanawake waliowahi kuzaa mapasa wanakusanyika, wanajipaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso na mikononi, kisha wanakwenda kwa mzazi mpya wakiimba. Watoto wanalazwa ndani ya ungo, kichwa kwa kichwa. Baba na mama yao wanatolewa nje wacheze, wapende wasipende. Na nyimbo zenyewe ni matusi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baba mkwe anaambiwa ana magoti ya mbuzi. Mama mkwe anaambiwa mambo ambayo siyaandiki hapa. Chifu anaimbiwa kwamba anakoroma akiwa kwenye kiti cha hukumu. Padri wa parokia aliwahi kuimbiwa kwamba anabatiza watoto wa wenzake kwa bidii ili tusiulize watoto wake mwenyewe wako wapi, naye akatoka nje na kopo la chumvi, akawagawia waimbaji huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Anayekasirika ni yule aliyesahauliwa. Nakumbuka jirani yetu mmoja, fundi wa baiskeli, ambaye wanawake walimruka katika wimbo kwa sababu giza lilikuwa limeingia na miguu iliwauma. Asubuhi alikuja kwetu, hakukubali kiti, akamwuliza shangazi yangu kosa lake ni nini hata asihesabiwe miongoni mwa watu. Shangazi alimwomba radhi. Mwezi uliofuata alimtukana vizuri, yeye na baiskeli zake zote, na jirani akarudi kulala akiwa mtu mzima tena.

Shangazi huyo, dada ya baba yangu, ndiye aliyenilea. Mapasa wake mwenyewe sasa ni wanaume wenye ndevu, wanafanya kazi kwenye migodi upande wa Kolwezi. Yeye alibaki na shamba lake la mihogo, rozari yake, na sauti ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyoanzisha wimbo katika upande wetu wa mji. Anayeanzisha ana sheria zake mbili. Ya kwanza: aliyeanza ndiye anayemaliza, kwa maana wimbo ukikatwa watoto wanabaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja kule walikotoka. Ya pili: maneno yale yanasemwa watoto wakiwa wamelala mbele ya mwimbaji. Ukiyasema mahali pengine, ni matusi kama matusi yoyote, na umemkosea mtu kweli.

Naziita sheria kwa makusudi. Zilikuwepo, zilijulikana, na kila mtu alijua zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Siwezi kusema hivyo juu ya zile nilizokuja kukutana nazo baadaye.

Mke wa askari alifika Kamina kwa treni, akimfuata mumewe aliyehamishiwa kambini. Alitoka mbali, upande wa Équateur, na Kiswahili chake alikijenga sokoni, neno moja moja, juu ya Kilingala. Alikaanga mikate akiwauzia watu wa kambi na wapita njia, na unga aliununua kwa shangazi. Mwanzoni waligombana. Yeye alisema kipimo cha shangazi kina sakafu ya juu, shangazi akamwambia kwao Équateur labda wanapimia mtumbwi. Ugomvi ule ukageuka mazoea, mazoea yakageuka undugu. Alipojifungua mapasa, msichana na mvulana, katika nyumba za kambi, alimtuma mtu amwambie shangazi kwamba hana mama hapa.

Shangazi aliacha bukari, ugali wetu, jikoni ikiungua. Alinituma kwa wenzake, mlango kwa mlango.

Tulikwenda siku mwezi ulipoandama, jua likiwa bado halijamaliza kuzama. Mimi nilibeba ndoo ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, wao walibeba sauti zao. Njia ya kambi ni mchanga mtupu, na baiskeli zilizopakia mkaa zilitupisha kando, waendeshaji wakiomba watukanwe kidogo. Ilikuwa ni majira ya vita kule mashariki. Vita viko mbali sana nasi, lakini redio ilivileta kila jioni, na mbele ya kambi walikuwa wamesimamisha kibao kipya kinachosema kwamba hilo ni eneo la kijeshi. Tulikipita. Wanawake wengi wa kundi letu wana mashamba nyuma ya kambi, na walipita pale kila siku wakiwa na majembe, wakisalimiana na walinzi.

Mlinzi wa siku ile kwenye bariera, kizuizi cha lango la kambi, alikuwa baba wa mapasa mwenyewe. Alikuwa ameomba abadilishiwe zamu, wakamkatalia. Kwa hiyo mkewe alikuja kutoka ndani ya kambi na ungo kichwani, akauweka chini, upande wake wa bariera, na sisi tukabaki upande wetu. Kati yetu na watoto palikuwa na mti mmoja mwembamba uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe.

Shangazi alianza. Alimwanzia baba, kama inavyotakiwa. Aliimba kwamba mwanaume huyu ni mroho, amepewa sahani moja amekula mbili. Baba alikuwa bado amesimama wima, bunduki begani, macho yake yakitazama juu ya vichwa vyetu. Mke wake alimwambia kitu kwa Kilingala, taratibu. Akageuka nyuma, akatazama barabara ya ndani ya kambi, haikuwa na mtu. Kisha akaiegemeza bunduki kwenye nguzo ya bariera na kucheza. Alicheza vibaya, kama mtu anayekanyaga siafu, na wanawake wakapiga vigelegele. Askari wengine wawili watatu walitokea kwenye nyumba za karibu, wakasimama wakicheka.

Hapo shangazi akafanya kosa ambalo mtu wa hapa tu angelifanya. Alifikiri juu ya heshima. Chifu alikuwa ametukanwa, padri alikuwa ametukanwa. Je, kamanda wa kambi, ambaye watoto hawa wamezaliwa ndani ya ua wake, aachwe kama mtu asiyehesabiwa? Akamkaribisha katika wimbo. Aliimba kwamba kamanda naye ana mimba, tena ni ya mapasa, tumbo limemtangulia, je, atajifungua lini tuje tumwimbie?

Askari walicheka mpaka mmoja akakaa chini mchangani. Jeep ilitokea wakati kicheko kikiwa bado hewani.

Ndani yake hakuwemo kamanda. Alikuwemo ofisa wake, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amesikia. Aliitazama bunduki kwenye nguzo kwa muda mrefu. Baba wa mapasa aliivamia, lakini alikuwa amechelewa. Walimshika yeye, na walimshika shangazi yangu, kwa sababu aliulizwa nani ameanzisha wimbo naye akajibu kwa fahari kwamba ni yeye. Alipandishwa kwenye gari mikono ikiwa bado na pemba. Alipinga jambo moja tu, alisema wimbo haujaisha.

Tulipokwenda kambini kumwona shangazi, ofisa yule alitupokea vizuri. Niseme kwa haki: alitupa kiti. Alisema kesi ni ya usalama wa taifa, na alilitamka neno hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayemzungumzia mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Nilimwuliza mwanamke wa mihogo ameuhatarisha vipi usalama huo. Alinieleza kwa subira kwamba adui wa siku hizi haji na bango, anaweza kuja na ngoma. Akasema mlinzi ameacha kituo chake wakati nchi iko vitani, na kuna aliyemfanya akiache.

Avoka, yaani wakili, tuliyempata alikuwa msichana wa mji wetu aliyesomea sheria Lubumbashi na kurudi. Alituketisha uani akatupangia jambo hilo kwa lugha ya kawaida, na kwa kuwa kila kitu kilisimama juu yake, nalieleza kama alivyolieleza. Shangazi akipelekwa kwa majaji wa raia mjini, shtaka ni matusi; ataonywa, atarudi nyumbani. Akihukumiwa na majaji wa jeshi, yeye ni mshirika wa askari aliyeacha ulinzi wakati wa vita, na hiyo ni miaka gerezani. Mwanamke ni yuleyule na wimbo ni uleule. Kinachobadilika ni mlango anaopitishwa. Na Katiba, avoka alisema, imeandika wazi kwamba mahakama za jeshi ni za wanajeshi na polisi.

Niliona mwanga. Nikamwuliza basi tatizo liko wapi.

Alisema tatizo ni kwamba kuna sheria nyingine, yenye umri mkubwa kuliko Katiba hiyo, inayosema raia anayemchochea askari kutenda kosa anamfuata askari huyo hadi mbele ya majaji wake. Haikufutwa vizuri. Imebaki pale kama mlango wa nyuma ambao hakuna aliyekumbuka kuuziba, na wenye nguvu wanajua njia ya kufika kwake hata gizani.

Tangu siku ile nimekuwa nikiufikiria mlango huo. Tumezoea kusema kwamba serikali inatuonea inapovunja sheria. Ningependelea hivyo. Anayevunja sheria anajua amevunja, anatazama pembeni, anaweza kuaibishwa. Lakini shangazi yangu alikamatwa na watu waliokuwa na kifungu cha sheria mkononi, wanyofu, wenye mihuri, wakilala usingizi mzuri usiku. Mtu aliandika sentensi moja, zamani, mbali na Kamina, akiwafikiria waasi na wapelelezi, na hakujiuliza neno "kuchochea" litaishia wapi. Limeishia kwenye ungo wa watoto.

Wakati huo mtoto mmoja, yule mvulana, alianza kukohoa. Mama yake alikuja kwetu akiwa amewabeba wote wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, akakaa jikoni kwa shangazi. Mume wake alikuwa kifungoni, na nyumba ya kambi walikuwa wamemwambia aihame. Alichosema hatimaye hakikuwa juu ya mume wala nyumba. Aliuliza kama wimbo unaweza kumalizwa na mtu mwingine. Wanawake wa mtaa walitazamana. Hauwezi.

Mahakama ya jeshi ilikuja kwa ziara, majaji wa kutoka mbali, wakakaa katika ukumbi mmoja wa shule mjini uliokopwa kwa kazi hiyo, na ubaoni bado palikuwa na hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyezifuta. Askari walisimama ukutani. Shangazi aliketi benchi moja na baba wa mapasa, na nilimwona akimsogezea kitambaa chake afute jasho.

Avoka alizungumza vizuri. Alisoma maneno ya Katiba polepole, akayaacha yakae hewani. Jaji mkuu, anayeitwa rais wa mahakama, alikuwa mtu mwenye miwani minene na sauti ya mwalimu, na sikumwona kuwa mbaya. Alijibu kwamba anayaheshimu maneno hayo, lakini nchi ikiwa vitani hakimu hawezi kumhukumu mlinzi hapa na aliyemtoa kwenye ulinzi kule, kama mtu anayekata kuku mmoja kwa visu viwili. Hata hivyo, akasema, ataangalia kama kweli huo ulikuwa uchochezi. Alimgeukia shangazi. Alimwambia arudie maneno aliyoyaimba. Kama ni mchezo wa wanawake, mahakama itaona yenyewe kwamba ni mchezo, na kesi ataituma kwa majaji wa raia.

Mlango ulikuwa wazi. Avoka alifumba macho kwa faraja. Shangazi alitakiwa kuimba tu.

"Shiwezi, tata," alisema, akimwita jaji baba.

Jaji alimwambia asiogope.

"Shiogope. Pale ilikuwa ngoma ya batoto. Hapa batoto habako mbele yangu. Nikisema ile maneno hapa, njo nitakuwa nimemutukana muntu kweli. Kamanda hanikosee kitu. Nimutukane juu ya nini?"

Mwendesha mashtaka, ofisa kijana aliyenyooka kama rula, aliomba iandikwe kwamba mshtakiwa mwenyewe amekiri maneno yake ni matusi. Karani akaandika. Nilisimama kusema jambo na mtu akanivuta sketi nikae. Hasira niliyoisikia wakati ule bado ninayo, na sina mpango wa kuipoza. Mwanamke alikuwa amekataa kuwatukana, kwa adabu, kwa kufuata sheria iliyomlea, na adabu hiyo ikawa ushahidi.

Ndipo mke wa askari alipoinuka kutoka benchi la nyuma. Hakuomba ruhusa. Alipita katikati ya ukumbi na watoto wake, na kwa kuwa hakuwa na ungo aliivua kanga yake ya kiunoni, chini akiwa amevaa nyingine, akaitandika sakafuni mbele ya meza ya majaji na kuwalaza juu yake, kichwa kwa kichwa.

"Batoto ni habo, Mama," alimwambia shangazi. "Maliza."

Askari mmoja alipiga hatua, jaji akamzuia kwa kidole. Nafikiri alitaka kuona. Nafikiri, kwa kitambo kidogo, hakuwa jaji.

Shangazi alisimama. Hakuwa na pemba. Alijigusa paji la uso na vidole vikavu, mahali ambapo ingekaa. Akaanza pale alipokatizwa: kamanda na mimba yake, atajifungua lini. Kisha akaendelea, kwa kuwa waliopo lazima wahesabiwe. Karani aliambiwa anaandika kama kuku anayetafuta mchwa. Mwendesha mashtaka aliambiwa alizaliwa amevaa mkanda. Na jaji, mgeni wetu, hakuachwa nje. Aliimbiwa kwamba ana macho manne, mawili ya nyama na mawili ya kioo, na kwa yote manne ameshindwa kuona batoto babili. Baba wa mapasa, machozi yakimshuka, alikuwa anacheza akiwa ameketi, magoti tu. Ukutani askari mmoja alicheka, akajizuia, wa pili akashindwa kujizuia, na mwishowe ukuta mzima ukacheka. Jaji aliinamisha kichwa. Nilikuwa karibu, niliona mashavu yake yakipigana.

Shangazi alifika mwisho. Ule mwisho ni maneno ya kawaida kabisa, yanayowaambia watoto waingie, nyumba ni yao. Akaketi.

Mwendesha mashtaka hakuwa amecheka. Alingoja ukimya urudi, halafu akanyoosha mkono kuelekea ukutani.

"Bwana Rais wa mahakama, hawa ni walinzi wenu. Mmeona wenyewe anachowafanya."

Jaji alivua miwani, akaipangusa muda mrefu, na alipoivaa tena alikuwa amerudi kuwa jaji.

Majaji walijitenga kushauriana, wakarudi. Mahakama ilisema ina uwezo wa kumhukumu. Ilimwona na hatia ya kumchochea askari. Kwa sababu ya umri wake na maisha yake safi, alipewa kifungo ambacho kitabaki kimening'inia: arudi nyumbani, lakini akiimba tena mahali ambapo askari anasikia, anakwenda kukitumikia chote. Baba wa mapasa alipewa miaka, na gereza lake liko mji mwingine. Alipandishwa treni kwenye kituo kilekile aliposhukia mkewe. Baadaye kibao cha pili kilisimamishwa karibu na bariera, kikikataza mikusanyiko kwa ajili ya usalama, na wanawake wenye mashamba nyuma ya kambi sasa wanazunguka.

Watu wananiambia tushukuru, shangazi yuko nyumbani. Yeye mwenyewe anashukuru. Mtoto aliacha kukohoa, na kwake jambo limekwisha, watoto wameingia. Mimi siwezi kushukuru kwa kurudishiwa kilichokuwa chetu, tena kikiwa kimefungwa kamba. Kamina ina askari sokoni, kituoni, kanisani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mahali ambapo askari hasikii hapapo. Kwa hiyo walichomwambia, kwa lugha ya upole na kwa kufuata kifungu, ni kwamba anyamaze mpaka afe. Na hakuna bunduki iliyotumika. Bunduki, kama mnavyokumbuka, ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo.

Mke wa askari anaishi uani petu na watoto wake. Desturi inataka mapasa waimbiwe kila mwezi unapoandama, mpaka watembee. Mwezi uliofuata hukumu wanawake walikuja, wakajipaka, wakasimama wakimtazama shangazi. Yeye alikuwa ameketi mbele ya kinu chake, akitwanga mihogo mikavu, macho chini. Hakuna aliyethubutu kumwomba.

Alianza yule mgeni, mke wa askari. Hakuwa ameonywa na jaji yeyote. Aliimba kwa Kiswahili kibovu chenye mifupa ya Kilingala, akakosea mpangilio, akamtukana kwanza shangazi yangu, kwamba kipimo chake cha unga kina sakafu ya juu. Wanawake walishangaa, kisha wakampokea. Alimtukana padri, akamtukana fundi wa baiskeli aliyekuwa tayari amesimama kwenye ua akingoja. Alipofika kwa kamanda alisita, akamtazama shangazi.

Shangazi hakufungua mdomo. Lakini mchi ulikuwa umebadilika. Ulikuwa ukishuka palepale wimbo unaposhukia, mzito, bila kukosea, ukimwonyesha yule mgeni pa kukanyaga, na aliendelea kutwanga hivyo hata mihogo ilipokwisha kuwa unga.